Radhi Iliyobaki Mbwajumali

Ulipomuuliza Mwandishi anaandika habari gani, hakukujibu. Alikuuliza wewe unafanya kazi gani. Ukimwambia unatengeneza mabomba ya maji, alivuta kiti akataka kujua kwa nini bomba hulia linapofungwa, nani alikufundisha, na kama mpira wa ndani hulika upande mmoja au pande zote. Baada ya wiki tatu mabomba yako yalikuwa ndani ya jarida la Nairobi, na jina lako limeandikwa sawasawa.

Sisi wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, tulimwita Mwandishi, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake alinikataza kuliweka hapa. Sasa anaishi Malindi kwa bintiye; nimemsomea makala hii kwa simu kutoka mwanzo hadi mwisho, akafuta mistari miwili na kuniachia iliyobaki.

Nilimjua kwa kazi. Nina duka dogo la kupiga chapa na fotokopi, na yeye hakuwahi kuipenda kompyuta. Aliniletea karatasi zilizoandikwa kwa penseli, mara nyingi nyuma ya nakala zangu zilizoharibika, akasimama karibu yangu mpaka nimalize. Mimi niliacha shule darasa la saba. Mengi niliyojifunza baadaye yalianzia kwenye karatasi zile: nilipofika mahali nisipopaelewa, nilimaliza kupiga chapa kwanza, kisha nikatafuta kitabu.

Kabla sijaeleza mengine, niseme jambo lililomkaa moyoni miaka yote niliyomjua. Huko Mbwajumali, kisiwani Pate, palikuwa na mama mmoja mjane aliyeitwa Bi Mwanaisha. Mwandishi alimkosea kwa kalamu, akamwomba radhi, naye akakataa. Kwetu hilo si jambo la kupita. Ukimkosea Mwenyezi Mungu unatubu kwake usiku na mchana, mlango u wazi; ukimkosea mja, haki yake inakaa mpaka mwenyewe aseme kwa ulimi wake kwamba amekuwia radhi. Mwandishi alilijua hilo vizuri. Aliwahi hata kulieleza redioni, na siku ile sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

Nina daftari ambamo niliandika kichwa cha kila kazi niliyompigia chapa. Nikifungua mwezi mmoja tu, nakuta ugonjwa wa kwato za punda, kwa jarida la wakulima. Nakuta hotuba ya bwana harusi mwenye kigugumizi, iliyoandikwa bila hata neno moja kati ya yale yanayomkwamisha. Nakuta maelezo ya kuchuja maji, mchezo wa redio juu ya mke na mume wanaogombania antena, na kurasa nne zinazouliza kwa nini kuta za nyumba zetu za zamani zina vidaka vingi kuliko vyombo vya kuweka ndani yake. Hiyo ya vidaka hakuagizwa na mtu. Alivihesabu ukutani kwa mkwewe siku moja chai ilipochelewa.

Kazi nyingine alizifanya kabla ya kuandika, na zote zilimtoka kwa sababu ile ile. Alikuwa karani kwenye ghala la barafu Kizingitini, huko huko Pate, akipokea samaki na kamba wa mawe. Pembezoni mwa kitabu cha ghala akawa anaandika kamba gani alipigana na nani ndani ya kapu, mpaka mwenye ghala akamwambia, "Bwana, kazi yako ni kupima kamba, si kuandika visa vyao." Alishika utepe wa mpima ardhi. Alifundisha shule bila cheti, na wanafunzi walimpenda kwa sababu hata yeye hakujua somo la kesho litafika wapi. Msimu mmoja aliongoza wageni mjini. Wenye hoteli waliacha kumpa kazi pale wageni waliolipia mji mzima waliporudi hotelini saa sita mchana wakiwa wameuona mlango mmoja. Lakini walieleza mlango ule kwa saa nzima, na mmoja wao aliuchora.

Mwishowe akawa mwandishi wa kujitegemea, maneno ambayo barazani yaliwapa watu furaha kubwa. Kinyozi wetu alisema, "Kujitegemea ni pale ambapo hapana mwingine aliyekubali umtegemee."

"Na wewe nani kakuajiri?" Mwandishi akamuuliza.

"Mimi nina wembe."

"Nami nina penseli. Yangu haijamkata mtu shingo."

Watu walicheka. Yeye alicheka nusu, akaanza kutazama ncha ya ile penseli. Nilijua amefika Mbwajumali.

Mtu huyu alijaa mambo ya kinyume. Hapana aliyeandika juu ya punda vizuri kama yeye, na hapana aliyewaogopa kama yeye. Punda akipita kichochoroni, Mwandishi alijibana ukutani kama bango la mkutano. Alijua nyota za kusafiria kwa majina, lakini ukimtuma nyumba ya tatu kushoto alirudi kuuliza. Alimhoji kila mtu, na ukimuuliza yeye habari zake alisema ni njema. Mkewe alinieleza siku moja, bila uchungu, "Ajua mke wa nahodha alipika nini yana usiku. Hajui kama gesi yetu imekwisha."

Hakutumia kalamu ya wino. Alisema wino una kiburi, ukishakauka hausikii la mtu. Alisema pia kwamba mtu akikwambia hana la kusema, usiondoke, maana chai iko njiani. Na alisema swali zuri ni lile ambalo aliyeulizwa hufurahi kulijibu, hata kama jibu lake ni la kusikitisha. Hayo nimeyaandika nyuma ya daftari langu.

Desturi yake iliyojulikana zaidi ilikuwa hii: hakupeleka makala popote kabla ya kumsomea yule aliyeandikwa. Alimwendea na karatasi, akasoma kwa sauti, na mwenyewe alikuwa na haki ya kufuta. Maalimu mmoja alifuta neno "mcheshi", akisema wanafunzi wakilisoma hawatamcha tena. Muuza mahamri alitaka iongezwe kwamba dada yake anajua kuyapika kuliko yeye. Kesho yake asubuhi alikuja dukani kwangu kabla sijafungua ili maneno hayo yaondolewe. Wahariri iliwachosha desturi hii. Nilimsikia mmoja kwenye simu, sauti yake ikijaza duka.

"Makala iko wapi, Bwana?"

"Tayari. Nahodha hajaisikia."

"Msomee basi."

"Yuko baharini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka arudi."

Desturi hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa Bi Mwanaisha.

Gazeti moja lilimtuma aandike juu ya visima vya visiwa vya kaskazini. Alipofika Mbwajumali maji ya bahari yalikupwa, boti ikakaa juu ya tope kati ya mikoko, na siku mbili akawa mgeni wa Bi Mwanaisha, ambaye alikuwa hamjui wala hakumuuliza. Aliandika visima kwa uangalifu mkubwa. Kisha, mwishoni, kwa shukrani, akaweka sentensi moja: nyumbani kwa Bi Mwanaisha wa Mbwajumali hapana mgeni, ajulikane asijulikane, atokaye bila kula. Niliipiga chapa mimi. Niliiona ndiyo sentensi nzuri kuliko zote. Na ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na tabu.

Kwani kwetu mwanamke akishasifiwa ukarimu mbele ya watu, amefungwa. Hawezi tena kumrudisha hata mmoja. Wakaja wahesabu mifugo. Wakaja wanafunzi wa chuo. Ikaja timu ya mpira ambayo injini ya boti yao ilikufa karibu, wachezaji na akiba yao na mwamuzi. Waendesha pikipiki wa Kizingitini walikuwa hawangoji kuelekezwa; mgeni akishuka tu, walimwuliza, "Kwa yule Bi wa gazetini?" Mtu mmoja alifika na kipande cha gazeti ndani ya pochi, akamwonyesha kama hati ya kuingilia.

Bi Mwanaisha alikuja Lamu mwenyewe. Alikaa kwenye stuli ya duka langu, akakataa soda, akamngoja Mwandishi aingie.

"Wewe ndiye uliyeandika habari za kuku wangu?"

"Bi, mimi sikuandika kuku."

"Uliandika wageni. Kuku waliandikwa na wageni. Amebaki jogoo moya, naye siku hizi alala juu ya paa."

Nilijizuia kucheka. Mwandishi hakucheka. "Niwie radhi, Bi. Nitasahihisha."

"Utasema nini? Kwamba mimi ni bahili? Mama yangu amelala pale Mbwajumali, hapana aliyemwita bahili yeye wala mamake."

"Nitatafuta maneno."

"Yatafute," alisema, akaondoka kuwahi boti.

Aliyatafuta siku tisa. Ninazo nakala zote. Kila alivyoandika, Bi Mwanaisha alitoka ama mchoyo, ama maskini, ama mgonjwa. Mhariri akapiga simu: nafasi ya masahihisho ni leo au basi. Mwandishi akaandika kwa haraka kwamba Bi Mwanaisha amesafiri na hatakuwapo kwa muda mrefu. Hakumuuliza mwenyewe. Nami niliipiga chapa bila kusema neno, na hilo ni langu.

Wageni walipungua kweli. Lakini sasa Bi Mwanaisha aliposikia pikipiki ilimbidi aingie jikoni akae kimya, na jirani aseme hayupo. Ijumaa moja alikuja binamu yake wa Faza, mzee, kwa miguu, juani. Jirani hakumtambua. Akamwambia hayupo, na mzee akageuza. Tangu nyumba ile ijengwe hapakuwa na jamaa aliyerudi mlangoni na njaa. Bi Mwanaisha alipopata habari alituma ujumbe kwa nahodha, nao ulifika dukani neno kwa neno: "La kwanza alikosea. La pili alinizulia. Simwii radhi."

Uongo ule ulisahauliwa baada ya miezi michache, kama magazeti yanavyosahauliwa. Sentensi ya kwanza haikusahauliwa. Mtu aliipiga picha, ikaanza kutembea kwenye simu, na wageni wakarudi.

Miaka kumi na moja Mwandishi alijaribu. Alituma wazee. Alituma kilo za sukari na jibu likaja, "Sukari imefika. Radhi si sukari." Alitaka kwenda mwenyewe na kila mara likatokea jambo: kisima kipya cha kuangalia, mtu anayejua kufunga mafundo ya zamani, mchezo wa redio uliochelewa. Nilianza kuona kwamba udadisi wake, ambao niliuheshimu kuliko kitu chochote, ulikuwa pia mahali pake pa kujificha.

Mwaka ambao watoto wake walimwandalia safari ya hija, mahali hapo palifungwa. Anayekwenda hija huzunguka kwanza akitaka radhi kwa watu. Mwandishi alizunguka mji mzima. Kinyozi alimwia radhi kwa sharti kwamba amletee kofia kutoka Makka. Nahodha alisema hakumbuki kukosewa, ila kama lipo limesamehewa pamoja na mengine yajayo. Ilipobaki wiki moja, alikuja dukani akasimama pale pale anaposimama.

"Utanisindikiza?"

Nilifunga duka.

Tulishuka Kizingitini asubuhi. Kutoka pale ni safari fupi ya pikipiki, lakini Mwandishi alimwona kijana akitengeneza mtambo wa kugandisha samaki, akachuchumaa. Nikatazama saa. Nikatazama tena.

"Mwandishi, twende."

"Huyu anieleza jambo la maana."

"Atakueleza ukirudi."

"Nikirudi Makka au Mbwajumali?"

"Mbwajumali ndiko karibu."

"Kwenye ramani," alisema, akainuka.

Bi Mwanaisha tulimkuta ukumbini akipepeta mchele. Alikuwa amezeeka, mgongo bado umenyooka. Aliitikia salamu, akatukaribisha kwa mkono. Mwandishi hakukaa.

"Bi, naenda hija. Nimekuya kutaka radhi yako."

"Kaa, unywe chai."

"Siwezi kula chako kabla ya kunijibu."

"Basi utakuwa mgeni wa kwanza kutoka hapa bila kula, na gazeti lako litakuwa limesema uongo mara ya pili."

Akakaa. Akanywa. Bi Mwanaisha aliendelea kupepeta kama kwamba tumekuja kuangalia mchele. Tui lilikuwa limeshakamuliwa, moto unawaka, na mimi nilikuwa najiuliza kama ataongea kabla ya boti ya jioni. Ndipo pikipiki iliposimama nje.

Waliingia kijana na msichana wenye mabegi ya mgongoni, wamechoka, wamefurahi. "Niaje wazee. Samahani, hapa ndio kwa Bi wa wageni? Tuliona hii." Kijana akageuza simu. Ilikuwa ile sentensi, karatasi imekunjamana, herufi ni za gazeti lakini maneno niliyajua kwa vidole.

Bi Mwanaisha aliweka ungo chini, akamgeukia Mwandishi.

"Wajibu wewe. Nipo, au nimesafiri?"

Mwandishi alitazama mlango, akatazama simu, akamtazama Bi Mwanaisha. Kisha akasimama.

"Yupo," aliwaambia. "Karibuni ndani. Ila leo Bi hapiki. Nitapika mimi."

"Wewe?" alisema Bi Mwanaisha.

"Mimi ndiye niliyewaita."

Akachukua ule mchele, akaingia jikoni na kanzu yake nyeupe. Hapa niseme kwamba aliwahi kuandika kurasa sita juu ya wali wa nazi, kwa kuwahoji wanawake kumi na mmoja, na zilikuwa kurasa nzuri. Jiko lenyewe alikuwa hajaliwasha maishani mwake. Tulimsikia akiuliza kutoka ndani, "Bi, hutangulia tui zito au jepesi?"

"Uliandika. Jisomee."

"Na makaa ya juu ya kifuniko?"

"Usiyasahau."

Kwa muda mambo yalikwenda. Harufu ilikuwa njema, Bi Mwanaisha aliegemea ukuta akiwa mgeni nyumbani kwake, na nadhani alikuwa anajua litakalotokea. Mwandishi alitoka na upawa mkononi kuuliza wageni wangapi hawali pilipili. Akamuuliza kijana anafanya kazi gani.

"Natengeneza lifti, mzee. Zile za maghorofa."

Mwandishi akavuta kigoda. Akataka kujua lifti hukumbukaje nani ameita kwanza, kamba ikikatika kinatokea nini, na kama fundi mwenyewe akiwa nyumbani kwake hupanda ngazi. Kijana hupanda ngazi. Mwandishi akataka kujua kwa nini. Msichana ndiye aliyenusa wa kwanza, akamtazama Bi Mwanaisha, na Bi Mwanaisha akaweka kidole mdomoni. Kijana alikuwa amefika kwenye breki za dharura pale moshi ulipotoka mlangoni.

Tulikula. Juu palilika. Chini palikuwa na tabaka jeusi lililoshikana na sufuria kama chokaa na jiwe, na ladha yake ilikuwa imepanda mpaka juu.

"Ni tamu, Bi," alisema msichana.

"Usinidanganye ndani ya nyumba yangu, mwanangu. Umeungua."

"Umeungua kiasi," alisema kijana.

"Mtaandika kwenye hiyo simu?"

"Eeh, huwa tunapost kila mahali tukienda. Lakini hatuwezi kukuchoma, Bi, tukuaibishe."

"Andika ilivyo. Sema umefika kwa Bi Mwanaisha, umepewa wali, nao umeungua. Na sema aliyeupika ni mwanamume wa Mkomani, nisije nikabebeshwa mimi."

Msichana aliandika huku bega likimtikisika. Bi Mwanaisha akamwambia asome, akasoma, akamwambia aweke na picha ya sufuria. Ikapigwa kutoka juu, ili weusi uonekane mpaka chini. Pale Mbwajumali mtandao ni wa kusubiri. Kijana alitoka uani akainua simu juu, na sisi sote tukamngoja mpaka aliposema imeenda.

Bi Mwanaisha alinawa mikono, akaikausha kwa leso, akamgeukia Mwandishi. Yeye alikuwa ameinamia sahani yake, na alikuwa ameimaliza yote, pamoja na ukoko.

"Siku tisa ulitafuta maneno," alimwambia. "Nimeambiwa."

"Ni kweli, Bi."

"Ungekuya ukanipikia, kisha ukaandika ilivyo." Kisha, kwa sauti ile ile ya kawaida, akasema, "Nimekuwia radhi. La kwanza na la pili, duniani na akhera. Nenda kahiji, na huko usinitaje kwa jina."

Mwandishi alifunika uso kwa viganja viwili. Wageni walitazama pembeni, ingawa hawakujua ni nini. Kisha akasimama, akanyoosha kanzu iliyojaa masizi, akasema tusije tukakosa boti.

"Boti haijaja," alisema Bi Mwanaisha. "Na sufuria ile isuguliwe na nani?"

Akakunja mikono ya kanzu, akaibeba sufuria mpaka uani, na kutoka huko tukamsikia akiuliza kama hutangulia mchanga au kumbi la nazi, na kwa nini.